Kitambaa cha Kufuma Juu ya Mashine Namba Tisa

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, vumbi la Madale bado limelala kwa umande. Demetria Massawe anavua viatu kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu, anavaa sweta zito, anasukuma mlango wa chumba chenye baridi na mvumo usiokatika.

Ndani kuna mashine kumi na mbili, nyeusi tii, zimepangwa kwa safu mbili. Zile za safu ya nyuma hazionekani ukiwa mlangoni.

Demetria haingii. Anasimama kizingitini, mikono kwapani, anamsubiri mtu.

"Tangu yaliyonikuta mwezi wa tatu, miguu yenyewe inakataa," anasema.

Demetria, mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Rombo, ni fundi wa mfumo wa mafaili katika kituo binafsi kinachotunza picha za vipimo vya hospitali: vifua, vichwa, mioyo. Jumamosi ni siku ya matengenezo ya kawaida. Anapuliza vumbi, anabadili diski zilizochoka, anakagua kama kila kilichowekwa bado kipo. Mtaani kwake Tegeta wanajua tu kwamba anafanya "mambo ya kompyuta". Jirani mmoja aliwahi kumpelekea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya dagaa.

Aliyeielewa kazi yake mapema ni mama yake mzazi, na aliielewa kwa kitendawili.

"Mama alinisumbua kwenye simu, mwanangu hivi unafanya nini hasa? Nikamwambia, kitendawili. Akasema, tega. Nikamtegea: nina mkeka mkubwa, nimewagawia wanangu kumi na wawili vipande, hakuna mwenye mkeka mzima, lakini mgeni akija unatandikwa kabla hajakunja goti. Mama akashindwa, akanipa mji. Nilipomwambia ni mashine zangu, akacheka sana. Halafu akaniuliza, na mtoto mmoja akiugua?"

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Picha moja ya moyo hukatwa vipande, vikasambazwa kwenye mashine zote, ili daktari akiifungua zote zimletee kwa pamoja, upesi. Na kila kipande kina nakala yake kwenye mashine nyingine. Fundi akiizima moja kuihudumia, pacha wake anashika zamu, wala hospitali haitambui.

Jumamosi ile ya mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya mashine namba sita. Demetria alitazama skrini, kila kitu kijani. Akaizima, akang'oa diski zake zote kuukuu, akaweka mpya, tupu. Akaiwasha, na mfumo ukaanza kuijaza upya kwa kunakili vipande kutoka kwa pacha wake, namba tisa.

Diski kuukuu za kituo hicho hazitupwi hivihivi, kwa sababu zina siri za wagonjwa. Hutobolewa kwa drili, uani, na kibarua anayeitwa Kamugisha. Utaratibu unasema zitobolewe baada ya kunakili kwisha. Siku hiyo Kamugisha alikuwa na harusi ya binamu yake.

"Akaniambia, dada nipe nimalizane nazo, nina suti ya kuchukua kwa dobi. Nikatazama skrini, kijani. Miaka mitatu yote ni kijani. Nikampa."

Wakati huo chanzo cha mashaka kilikuwa kimeshaketi safu ya nyuma, tena kwa heshima zote.

Bi Wahiba, mfanya usafi wa kituo, mjane wa mwenye duka la vitambaa pale Tegeta, ni mwanamke ambaye hawezi kuona kitu cha thamani kikakaa uchi. Kwake redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga. Kwa wiki kadhaa alikuwa akifuma kingine, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Ijumaa jioni alikimaliza, akakitandika juu ya mashine namba tisa, upande wa mbele ukining'inia vizuri, kama inavyovalishwa televisheni siku ya sikukuu.

"Niliona vumbi linaziingia puani," anasema Bi Wahiba. "Nikasema nianze na hii, nyingine zitapata kadiri uzi utakavyopatikana."

Puani ndipo mashine ilipokuwa ikivuta hewa. Na chini ya maua ya waridi ndipo ilipo taa ya onyo la joto. Skrini ya Demetria iliuliza kama mashine ni hai. Haikuuliza kama ina homa. Usiku kucha namba tisa ilivumilia. Ilipobebeshwa kazi ya kuijaza namba sita, ikazidiwa, ikajizima katikati.

Demetria aliona kijani kikigeuka chekundu, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Sikupiga kelele. Nilijua maana yake. Namba sita ina diski mpya zisizo na kitu. Namba tisa imelala. Vipande vilivyokuwa kwa hawa wawili vipo uani, chini ya drili."

Kwa kuwa kila picha imegawanywa kwa mashine zote, hapakuwa na picha hata moja iliyosalimika. Kila moyo ulikuwa na tundu. Na hospitali zilikuwa zimeshafuta za kwao, kituo kikiwa ndilo ghala.

Jina lililomjia lilikuwa la mtoto. Blessing, mwenye miaka sita, mtoto wa mwalimu Bupe, ambaye ni wa jumuiya moja ya kanisani na Demetria, alikuwa apasuliwe moyo Jumanne. Madaktari walitaka picha zake tangu akiwa mchanga, wazilinganishe na mpya wajue wakate wapi. Jumapili iliyotangulia Bupe alikuwa amemwambia, "Dada, wewe ndiye umemshika mwanangu kabla ya daktari."

Alikimbia uani na soksi zake.

Mezani palikuwa na drili, soda iliyonywewa nusu, na diski zimepangwa. Ya kwanza ilikuwa na tundu katikati. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo tu. Kamugisha hakuwepo.

Akampigia. Ikaita mpaka alipoanza kuomba dua.

"Dada usinikasirikie," alisema Kamugisha, honi zikilia nyuma yake. "Ncha ya drili imekatika, nimeshuka kununua nyingine. Foleni imenibana hapa Tegeta, hatusogei. Nakuja kuzimaliza."

"Umetoboa ngapi?"

"Moja tu. Samahani dada."

"Kamugisha, kaa hukohuko. Hata foleni ikiisha, kaa."

"Sasa mbona unalia?"

Demetria alizikumbatia diski, akarudi ndani. Zile nzima zingerudishwa kwenye namba sita. Lakini iliyotobolewa ilikuwa imekufa, na vipande vyake sasa vilikuwa na mahali pamoja tu pa kupatikana duniani. Akazunguka safu ya nyuma.

Anasema hapo ndipo akili ilipomkataa. Alitegemea moshi, maji, labda panya. Alikuta maua ya waridi.

Akakivuta kitambaa. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Nyuma yake akasikia ndala, kisha sauti ya Bi Wahiba, taratibu, "Umekipenda, mwanangu?"

Demetria alimgeukia. Yule mama alipouona uso wake, ndoo ikamtoka mkononi.

Walileta feni ya jikoni. Wakakaa sakafuni, fundi na mfanya usafi, wakiisubiri mashine ipoe. Bi Wahiba alisoma uradi kimyakimya. Demetria alikuwa na rozari mfukoni, vidole vikashindwa kuhesabu. Alipobonyeza kitufe, namba tisa ilikaa kimya kwa muda ambao anasema hatausahau. Halafu mapangaboi yake yakakohoa, yakazunguka.

Kunakili kuliisha Jumapili mchana. Hakuna kipande kilichopotea. Jumanne Blessing alipasuliwa, na leo anaruka kamba. Bupe alisimuliwa baadaye, akasema, "Kumbe mwanangu aliokolewa na foleni."

Demetria mwenyewe alikwenda kwa mkuu wa kituo na kueleza yote, la drili likitangulia. Alipewa onyo. Aliomba jambo moja, Bi Wahiba asifukuzwe, afundishwe.

Mpango wake sasa ni kengele ya joto itakayolia mpaka barabarani, na ameahidiwa. Meza yake ina kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, na juu yake imekaa diski yenye tundu. Mpaka kengele ije, chumbani anatangulia mtu mwingine.

Ndala zinasikika kwenye korido. Bi Wahiba anampita Demetria mlangoni, anapokea shikamoo yake, anaingia na kuzikagua mashine usoni moja moja, akiita hali ya kila taa kwa sauti. Anapotelea safu ya nyuma.

"Namba tisa?" anauliza Demetria kutoka mlangoni.

"Ipo uchi, mwanangu. Ingia."