Umekufa, Mzee!

Ningekuwa na uwezo, siku ile ningeifuta hata kichwani mwa Salumu, maana mpaka leo anaisimulia sokoni Shinyanga na watu wanacheka mbele ya macho yangu. Basi afadhali mnisikie mimi kabla hajaitia chumvi.

Miaka ile huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, seti za kuhesabika mjini zilikuwa za kuonyeshea kanda za video, na Salumu, rafiki yangu mfanyabiashara, alikuwa nayo moja. Nduguye akamletea kutoka ng'ambo kimashine kipya, unakichomeka kwenye televisheni halafu watu wawili mnacheza mpira kwa kuzungusha vishikio, na Salumu akataka nimpe mitamba wawili kiwe changu, niwatoze wachimba dhahabu wakishuka mjini. Mitamba ninao, lakini walikuwa wa mahari ya Kabula (Kabula wangu, nitamwita wangu hata kama si wangu). Nikasema mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia, nitaalika watu Jumamosi wakione, wakikipenda nanunua, wasipokipenda naacha. Akili hiyo!

Kosa langu nilitangaza "mpira kwenye televisheni." Habari ikafika Tinde, na Jumamosi mchana nani kateremka kwenye lori la pamba, kavaa koti na kofia? Mzee Masanja, baba yake Kabula! Nikamwamkia, nikamkalisha mbele kabisa. Salumu akawasha, vikatokea vijiti viwili vyeupe na kidoti.

"Wachezaji wako wapi?" mzee akauliza.

"Hivyo vijiti ndio wachezaji, baba."

"Yaya, hapana! Hata miguu hawana?"

Watu wakaangua kicheko, nami badala ya kuzima nikajitia ujuzi, nikampa mzee kishikio kimoja tucheze naye (mkwe, jamani! mtu ambaye kwetu Usukumani hutaniani naye, seuze kushindana), na kile kidude kina shetani wake, nikasahau kabisa huyu ni nani, kidoti kilipompita mara ya mwisho nikaruka, nikamnyooshea kidole, nikapiga kelele kama tulivyozoea na Salumu kwenye mazoezi, "Umekufa, mzee! Nimekuua!"

Mzee akaweka kishikio chini polepole.

"Binti hujamchukua, tayari unanizika?" Kisha akamgeukia Salumu. "Na hiki kitu anakinunua kwa nini?"

Alikuwa anauliza sababu. Salumu, mtu wa biashara, akasikia bei.

"Kwa mitamba wawili, mzee, wale aliowatenga wa kuo..." Akajiziba mdomo, lakini wapi!

Mzee akachukua kofia yake akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani, nikapiga magoti vumbini, "Baba, nisamehe," watu wote wameziba mlango wanatazama, naye hakugeuka. Wazee niliowatuma walirudi mara mbili na jibu lile lile, kwamba yeye ni marehemu, na marehemu haozeshi. Kabula akaolewa Kahama kabla ya mvua.

Na Salumu, asiye na haya, jioni ile ile akaniuliza, "Sasa unakichukua au hukichukui?"

Sikukichukua. Tangu siku hiyo sichezi mchezo wowote na mtu, hata bao sigusi, na nimeapa neno lile halitatoka tena kinywani mwangu hata kwa kuku. Mitamba nilibaki nao. Wakazaa, na maziwa nyumbani kwangu nanywa peke yangu.