Usiniambie Umeelewa

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia kabla sijaandika jina lako kwenye daftari la wanafunzi wangu. Ukishaisikia, ukaona mwalimu huyu hakufai, nenda zako salama. Sitakukasirikia kwa kuondoka. Kinachonikasirisha ni jambo jingine, na mmenitendea asubuhi hii hii, ndiyo maana unaniona mishipa ya shingo imenisimama.

Mmekuja, mmekaa hapa barazani kwangu Pongwe, mmenipa shikamoo zenu kwa adabu nami nimeziitikia. Nikawaeleza moli ni nini, kile kipimo cha chembe katika kemia, dakika kumi tu, ili niwapime. Nikauliza, "Tumeelewana?" Mkajibu kwa sauti moja, "Ndiyooo, mwalimu!" Nikamwinua yule aliyeitika kwa nguvu kuliko wote anieleze. Akatazama miguu yake. Nikamwinua wa pili, naye akatazama miguu. Ebo! Mtu mzima mimi, mvi zimejaa, mnaniambia ndiyo na hakuna hata mmoja anayejua anaitikia nini! Nani kawafundisha mchezo huu? Usinijibu, namjua. Ni sisi walimu, na mimi nimo.

Basi nijitambulishe. Mimi ni Mbondei, nilizaliwa kule milimani Amani, ambako babangu alikuwa akiotesha miche ya miti. Nilishuka pwani kwa kazi ya ualimu, na nimefundisha kemia mpaka nikastaafu. Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Moa, karibu na mpaka. Nilifika pale kijana, shati limenyooka kwa pasi, kichwa kimevimba. Nilipenda kusikika. Darasa likiitika ndiyo, mimi moyoni najipigia makofi. Nilikuwa mjinga mwenye cheti, nakwambia.

Pale alikuwepo msichana wa kidato cha tatu, jina lake Mwanaidi. Mamake, Bi Saumu, alikuwa akilima mwani, zile kamba za baharini unazozifungia mmea mmoja mmoja huku maji yanakufika magotini. Mwanaidi alitaka uuguzi, hakutaka kitu kingine duniani. Chuo cha uuguzi kilitaka afaulu kemia. Na mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile, alishatamka mbele ya watu: akianguka kemia, shule basi, aingie kwenye mwani na mamake. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Walikuja wenyewe kuniambia, wakanikabidhi mtoto kwa mikono miwili, "Huyu ni wako, mwalimu."

Nilikuwa na kipindi cha ziada kila Jumamosi asubuhi. Siku ya kufundisha moli nilisimama ubaoni nikaimwaga maana yake kwa Kiingereza, kama nilivyoikariri chuoni, bila kuacha hata nukta. Nikasema moli moja ni chembe nyingi mno, nikaandika ile namba yake ndefu. Nikageuka. "Tumeelewana?" Wote, "Ndiyooo!" Mwanaidi akanyoosha mkono.

Akasema, "Samahani mwalimu, mimi sijaelewa. Hizo chembe, nani alizihesabu?"

Mwanangu, nikwambie ukweli ambao sikuusema kwa miaka: jibu nilikuwa silijui. Sikuwahi hata kujiuliza. Badala ya kusema sijui, nikamsonya. Mbele ya darasa zima. Nikamwambia, "Wewe umekuja kusoma au kumhoji mwalimu? Wenzako wote wameelewa, wewe kichwa chako kina nini?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, laana hiyo! Mwanaidi akaketi, akavuta mtandio wake, akaandika.

Tangu siku ile alikuwa mwanafunzi wa kupendeza, kama nyinyi mnavyotaka kuwa. Daftari safi, mwandiko wa kutazamika, kila swali langu anaitika ndiyo pamoja na wenziwe. Nikimuuliza peke yake, anasema, "Nimeelewa, mwalimu, shukran." Mimi nikawa nalipeleka daftari lake chumba cha walimu kuliringia. Nikamwambia hata mjomba wake, asiwe na wasiwasi, kemia imo mkononi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mwanaidi alikuwa ameanguka kemia. Si kuanguka kwa kukosa kidogo tu, kuanguka kabisa.

Nikaenda kwao kutoa pole. Uongo! Nilikwenda kujitetea. Bi Saumu alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, nami nikaanza maneno yangu kwamba siku hizi watoto hawajisomei, kwamba mimi kwa upande wangu nilimaliza kila mada. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na madaftari ya mwanawe, akanifungulia mapajani.

"Mimi kusoma sijui," akasema, "lakini hivi viduara vya penseli navijua. Kanionyesha mwenyewe. Kila asipoelewa, anatia kiduara pembeni. Hebu vihesabu, mwalimu, wewe uliyesoma."

Nikafungua kurasa. Viduara vilijaa. Ukurasa baada ya ukurasa, pembeni ya ule mwandiko niliouringia, viduara, viduara. Nikarudi nyuma kutafuta vilipoanzia. Cha kwanza kilikuwa kwenye moli. Kabla ya hapo hakikuwepo hata kimoja.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Nami, kwa ujinga ule ule, nikamuuliza kwa ukali, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu," akajibu taratibu. "Mara moja."

Bi Saumu akayakusanya madaftari yake mapajani pangu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu hakuuogopa mtihani," akasema. "Alikuogopa wewe. Na mimi ndiye niliyemfunza kuwaheshimu walimu, kwa hiyo kosa hili tumelifanya wawili. Ila wewe utapata wanafunzi wengine. Mimi nina huyu."

Nilimwomba arudie mtihani, nimfundishe upya kila siku. Mjomba alikataa, na ahadi yake ilikuwa ahadi. Wiki iliyofuata niliwaona wawili majini, mama na binti, wanafunga mwani. Mwanaidi aliniamkia kutoka kule kule, kwa adabu ile ile. Nikageuza njia. Chuo cha uuguzi hakukiona. Mpaka leo nikienda kupimwa presha, nesi akinifunga ule mpira mkononi, hasira zinanipanda, na hao manesi hudhani nawakasirikia wao.

Jibu la swali lake nililitafuta baadaye. Zile chembe hakuna aliyezihesabu moja moja, zilipimwa kwa njia nyingine, na kuifundisha vizuri kunachukua asubuhi nzima. Swali la mtoto yule lilikuwa na kemia nyingi kuliko somo langu lote, nami nililisonya.

Ndiyo maana nafoka. Mzazi mmoja aliniuliza juzi kama nafaulisha. Mimi sifaulishi mtu! Mimi nafundisha, na siwezi kufundisha mtu anayenificha asipojua. Hapa kwangu ukisema umeelewa utasimama uwafundishe wenzako, na ukishindwa hutachekwa. Atakayemcheka mwenziwe atatoka na viatu mkononi, sitangoja avivae. Ukiniuliza nisilolijua nitasema silijui, na wewe utanivumilia mpaka nilitafute. Adabu nataka, shikamoo nataka, nyote mtaniita mwalimu. Lakini kunidanganya umeelewa ili nisiudhike, hiyo si adabu, mwanangu. Hiyo ni kuniachia nikuangamize huku nikijisifu. Na nikikusonya siku moja, maana ulimi wangu bado mbaya, rudia swali lako. Rudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nione haya mimi badala yako.

Mwenyezi Mungu akufungue kifua, akupe ulimi usiotetemeka kusema sijui mbele ya mkubwa yeyote, akuepushe na mwalimu niliyekuwa mimi. Amina.

Haya, uliza.