Rimgaudas na Laptopu Iliyokuwa Ikizimika

Rimgaudas alipanda nguzo za umeme ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima, mpaka nyonga ilipomgomea. Baada ya upasuaji hakuweza tena kuchota maji wala kupasua kuni, kwa hiyo dada yake mdogo, Elvyra, alimchukua wakakae pamoja Rokiškis mjini, ghorofa ya tatu. Nyumba ya kijijini ikauzwa kwa mke na mume vijana waliotoka Kaunas. Alikuja na nguo zake, redio, vifaa vyake vya kazi, na shoka ambalo Elvyra alilificha barazani nyuma ya magunia ya viazi.

Kule kijijini, miaka mingi nyuma, alikuwa ametengeneza jukwaa la chuma juu ya nguzo ya zamani iliyo nyuma ya ua, na korongo wakajenga kiota chao hapo. Baadaye watu wa chama cha kuhifadhi ndege walifunga kamera, na picha ya kiota ikawa inaonekana mtandaoni mchana kutwa. Elvyra alikuwa na laptopu kuukuu. Akamwonyesha kaka yake pa kubonyeza.

Tangu siku hiyo, akishamaliza uji, Rimgaudas alirudi kitandani, akajifunika miguu kwa mfarishi wa manyoya ya bata, akapakata laptopu juu yake. Ilikuwa Machi na kiota kilikuwa kitupu, kimejaa theluji. Elvyra alimuuliza anatazama nini hasa. Akajibu kwamba korongo dume hutangulia kurudi, na anayerudi kutoka mbali hivyo hafai kukuta hakuna anayemngoja.

Lakini kamera ilikuwa imeinama kidogo. Chini, pembeni mwa picha, ulionekana ua: paa la banda, kisima, mtofaa mmoja. Macho yake yalikaa hapo.

Shida ni kwamba laptopu ilikuwa inazimika. Haikutoa onyo lolote. Akishatulia tu, kioo kinakuwa cheusi. Akiiwasha tena papo hapo, inazimika upesi kuliko mara ya kwanza.

"Hata mimi ningezimika, kaka," Elvyra alisema. "Siku nzima unanionyesha mabua ya kiota kitupu."

Walijaribu walivyojua. Walihamisha chaja kwenye soketi nyingine. Walichomoa betri wakairudisha. Elvyra alifuta picha zake za zamani, akidhani mashine imeshiba kupita kiasi. Rimgaudas alishikilia kwamba kosa liko kwenye nyaya za jengo, akazipima kwa vifaa vyake vya kazi, akakuta umeme ni mzima kabisa. Jambo hilo lilimuudhi zaidi.

Mwishowe wakamwita Jolita, mwanamke anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kilicho karibu na duka la mikate. Hakugusa skrubu hata moja. Alimwambia mzee aitumie kama kawaida yake, yeye atakaa tu. Basi Rimgaudas akapanda kitandani, akavuta mfarishi, akapakata mashine. Jolita akanywa chai. Baada ya muda feni ikaanza kunguruma, ikanyamaza, kioo kikawa cheusi. Jolita akaingiza mkono chini ya laptopu na kuutoa haraka.

"Mzee, unaiatamia kama yai," alisema.

Akawaeleza kwamba mashine hiyo huvuta hewa kupitia tumboni. Mfarishi unaiziba pumzi, joto linapanda, nayo inajizima ili isiungue. Alipoifungua mezani, walikuta feni imesongwa na vumbi na manyoya ya bata yaliyoshikana kama kipande cha blanketi. Aliitoa takataka yote, akabadilisha dawa ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka, akaagiza iwekwe juu ya ubao. Rimgaudas akachukua ubao wa kukatia mkate, Elvyra akalalamika kwa siku kadhaa.

Laptopu ikawa haizimiki tena, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Zamani aliona ua wa asubuhi tu, mtupu, kama alivyouacha. Sasa aliuona mpaka jioni. Aliona gari jekundu mbele ya banda. Aliona kamba ya nguo imefungwa kwenye mtofaa wake. Siku moja mume kijana alitoka na benchi ambalo Rimgaudas alilichonga kwa mikono yake mwenyewe, akalivunja, akalitia motoni.

Elvyra aliona kioo cheusi, akauliza kama imezimika tena.

"Hapana," alisema Rimgaudas. "Nimeizima mimi." Akageukia ukutani.

Zikapita siku hakuigusa. Asubuhi moja Elvyra, aliyekuwa akiyacheka mabua, aliifungua mwenyewe jikoni.

"Kaka," aliita. "Amekuja."

Rimgaudas alijikokota na magongo yake. Korongo dume alikuwa amesimama kiotani, mbawa zimechafuka kwa safari, amerudisha kichwa nyuma akigonganisha mdomo. Kisha moshi ukapanda na kumfunika ndege. Chini, mke kijana alikuwa akichoma majani karibu na nguzo.

Rimgaudas alisema mtu amwambie yule binti. Elvyra akampa simu. Namba walikuwa nayo tangu siku za kuuza nyumba.

Picha ilikuwa ikichelewa nyuma ya sauti. Binti alishaitika, na kwenye kioo bado alikuwa anatafuta simu mfukoni. Jina lake lilikuwa Miglė. Rimgaudas alipojitaja, Miglė aliuliza:

"Wewe ndiye uliyemjengea korongo jukwaa?"

Akakubali. Akamwomba ahamishie moto nyuma ya banda, naye akasema samahani, hawakujua. Kisha akamkaribisha aje amwone ndege wake. Rimgaudas alitazama mlango, akazifikiria ngazi.

"Nakuona hapo," alisema. "Sogea kidogo tu, mwanangu. Unaniziba kisima."

Miglė akacheka, akasogea.

Hakwenda mwaka ule, nyonga haikumruhusu. Lakini Miglė alizoea kumpigia, kuuliza mtofaa unapogolewa lini, au mlango wa banda unakwama kwa nini. Mwishoni mwa Agosti korongo waliruka kuelekea kusini. Miglė alipiga siku hiyo hiyo kumpa habari: walivyozunguka juu ya paa, walivyoinuka, walivyopotea. Rimgaudas alikuwa ameona yote kwenye kioo. Alimwacha asimulie mpaka mwisho.