Hii Inalia Namna Gani?

Jana nilikuwa naitia mafuta cherehani ya Mama pale dukani kwetu Fordsburg, tone moja likaniangukia kidoleni. Nikalinusa tu, bila sababu. Hapohapo nikawa tena mtoto wa darasa la tano, nimesimama jikoni kwetu Randburg na soksi mguu mmoja, mezani zimelala bunduki tatu, na Mama anamwuliza Baba swali ambalo sijawahi kusikia mtu mwingine akiliuliza.

Ngoja nianze vizuri. Nikiharakisha hamtanielewa, na kuharakisha ndio ugonjwa wangu.

Baba yangu ni mlinzi. Alitoka Bukavu kabla sijazaliwa, akaanza kwa kuangalia magari ya watu mbele ya mkahawa, akapanda polepole mpaka akapewa kulinda maghala kule Midrand, kazi ya kubeba silaha. Mama ni fundi wa nguo, naye ni wa Bukavu. Bunduki za Baba zilikaa ndani ya sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, kwenye kabati la chumbani kwao, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mama hakuzitaja kwa jina hata siku moja. Alisema "bile bintu byako", yaani vile vitu vyako, kwa Kiswahili cha kwao. Akitaka shuka kutoka kwenye lile kabati, alimwita Baba amtolee.

Kuna jambo lingine mlijue. Msimu wa fataki ukifika, watoto wa Fordsburg wakianza kulipua mchana kutwa, Mama alikuwa anashona kama mtu aliyerogwa. Mguu kwenye pedali, cherehani inaunguruma, na wakati mwingine ukichungulia hakuna hata kitambaa chini ya sindano. Mimi nilijua tu kwamba Novemba ni mwezi wa kazi nyingi.

Basi Bra Solly, msimamizi wa Baba, mtu wa Soweto mwenye tumbo na kicheko, akaandaa siku ya familia kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Midrand. Kila mlinzi aje na mke, watoto, nyama ya kuchoma na bunduki zake mwenyewe. Watoto wangeruhusiwa kupiga bunduki ndogo, wamelala kwenye mkeka, mkubwa akiwa pembeni. Nilikuwa nimeshamwambia rafiki yangu Lerato kwamba nitapiga bunduki ndefu kuliko mimi. Lakini Baba alisema tunakwenda wote watatu au hatuendi. Na Mama, wiki nzima, ukimgusia habari hiyo anauliza kama kuna chumvi.

Jumamosi asubuhi akatoka chumbani amevaa kama anakwenda kanisani, kilemba na mkoba. Akasema atakwenda. Ila kwanza Baba azitoe zote aziweke mezani.

"Siwezi kupanda gari na bageni sijabasalimia," alisema.

Baba alitandika kitambaa, akazipanga. Bastola yake. Tuu-tuu, yaani ile bunduki ndogo ya kufundishia. Na shotigani, ambayo mzungu mmoja mwenye shamba alikuwa amemwachia alipohama nchi, na Baba akahangaikia leseni yake mpaka akachoka. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka mimi. Nyeusi, nzito, ikilala mezani meza yenyewe inaonekana fupi.

Alizifungua moja moja, akaingiza kidole ndani kumwonyesha Mama kwamba hamna risasi. Akaanza kuzifuta. Mafuta yake yalikuwa yamekwisha, akaomba ya cherehani. Mama akaleta kile kichupa, akakiweka ukingoni mwa meza, akakisukuma kwa ncha ya mkasi mpaka kikamfikia. Na kile kitambaa cha kufutia, jamani, kilikuwa mfuko wa sare ya kina mama wa kanisa letu, umeshakatwa tayari kushonwa. Nilikiona. Mama pia alikiona. Siku nyingine yoyote hiyo ingekuwa vita ya mpaka Krismasi. Mama akauweka tu mkasi chini. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba asubuhi hii si ya kawaida.

Akanyoosha kidole kwenye ile ndogo.

"Baba Furaha, hii inalia namna gani?"

Baba alidhani ni utani. Akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akageuka huku na huku, akachukua rula ya mbao ya Mama, ile ya kupimia nguo, akaichapa juu ya meza. Tak.

"Hivi."

"Rudia."

Akarudia. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama anapokubali rangi ya uzi. Kisha akaonyesha bastola. Baba akafungua mlango wa kabati la vyombo, akaubamiza. Vikombe vikalia. Mama akafumba macho, akafumbua. Akamwambia arudie, na Baba akarudia, na mara ya tatu akarudia bila kuambiwa.

"Hiyo nitaisikilizia ndani ya gari," Mama alisema.

Ikabaki kubwa. Baba akatafuta cha kupiga. Akaangalia sufuria, akaangalia mlango wa jikoni. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na haraka, nikamsaidia: nikamwambia kuna lile geti la chuma kule chini, akilibamiza kwa nguvu zote itakuwa sawasawa. Baba alikuwa anamtazama Mama. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na hakuwa ameuliza chochote. Baba akaiinua shotigani, akaenda nayo chumbani, nikasikia sefu inafungwa.

Aliporudi alisema ile ni nzito bure, na bega lake linamsumbua.

Eish, nilikasirika. Bega gani? Jana yake tu alikuwa amepandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tatu akipiga mluzi. Nikamwambia hivyohivyo. Akanitazama.

"Furaha, vaa soksi."

Kwetu gari haliondoki bila maombi. Mama huombea matairi, breki, robot zote, yaani taa za barabarani, zilizo njiani na madereva wa teksi wasio na adabu. Siku hiyo alimaliza hayo, akavuta pumzi, akaongeza, "Na bile bintu bibili biko nyuma, Bwana, binyamaze mpaka biulizwe." Baba akasema amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Tulipofika, wenzake walikuwa wameshafika na moto umeshawaka, lakini hakuna aliyekuwa anapiga. Wanaume wazima, mabegi marefu ya bunduki yako miguuni hayajafunguliwa, wamekaa kwenye viti vya kukunja wanakunywa chai. Nilitaka kulia. Nilimwuliza Bra Solly wanangoja nini. Akasema wanangoja maji yachemke, na kikombe chake kilikuwa kimejaa mkononi.

Baba aliegesha gari mbali kabisa. Mama akabaki ndani, vioo juu, mkoba mapajani. Baba akalala kwenye mkeka na tuu-tuu, akanivalisha vikinga masikio, akageuka mara moja kulitazama gari. Kisha akapiga.

Tak.

Kila mtu pale alikuwa anatazama gari letu. Kioo hakikusogea. Akapiga tena, na kioo kikashuka, kidogo, kama upana wa kiganja. Akapiga ya tatu. Mlango ukafunguka, Mama akaja anatembea kwenye nyasi na viatu vyake vya kanisani, hana haraka, mkoba mkononi, mpaka akasimama miguuni pa Baba.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama Furaha."

"Cherehani yangu inalia kuliko."

Bra Solly alicheka mpaka chai ikamwagika. Baba aliweka shavu juu ya kitako cha bunduki akabaki hivyo, nikadhani analenga, mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika.

Nilipiga na mimi, nikatoboa shabaha ya jirani. Bastola Mama aliisikilizia ndani ya gari, kioo wazi. Kisha tukafungiwa nyama kwenye foili na kuondoka mapema, kabla wale wengine hawajafungua mabegi yao, na mimi nikanuna njia nzima.

Mambo yaliyompata kule Bukavu Mama amenisimulia nikiwa mkubwa, kidogo kidogo, akishona. Hayo ni yake, siyaandiki hapa. Lakini siku aliponisimulia mara ya kwanza, niliwakumbuka wale wanaume na chai yao, mabegi yamefungwa mpaka Mama aondoke, nikatamani niwasalimie upya mmoja mmoja.

Novemba ya mwaka uleule, fataki zilipoanza, Mama aliinua mkasi akasikiliza. "Ya rula," akasema, akaendelea kukata. Nyingine: "Ya mlango." Mpaka leo tunazihesabia hivyo, tunacheka. Inapokuja iliyo kubwa kuliko mlango, hakuna anayesema kitu. Mimi ninakaa kwenye cherehani na kukanyaga pedali, iungurume mpaka ipite.

Novemba imekaribia, ndiyo maana jana nilikuwa naitia mafuta.