Papa Sadrack anasikiliza motuka na meno

Papa Sadrack Lokangu analala ndani ya korbiyar, motuka ya kubeba maiti, kule nyuma, fasi kwenye sanduku ya maiti inalalaka. Magunia ya muchanga iko pande zote. Amebana kijiti ya mti mugumu katikati ya meno, na ncha ingine inagusa chuma ya chini, juu kabisa ya pon, ile mtambo yenye kuzungusha guruduma za nyuma. Macho amefunga.

"Mama Delphine, twende!" anasema bila kufungua meno. "Usiogope. Mi sijakufa."

Motuka, Peugeot 404 break ya rangi nyeupe, inaondoka pole pole ku avenue moja ya Mangobo. Mama mwenye kuuzisha mikate anaona miguu ya Papa Sadrack ku dirisha, anaweka mikono ku kichwa.

"Yoo! Fundi amekufa! Asubui tu amenisalimia!"

Kijana wa toleka, mwenye kubeba watu, anashuka ku baiskeli yake, anavua kofia vile watu wanafanyaka maiti ikipita. Halafu anaona muguu mumoja unamusalimia.

"Papa, maiti haichezake miguu! Lala muzuri!"

Barabarani watu wanacheka. Ndani ya motuka hakuna mwenye anacheka. Mama Delphine ameshika usukani na mikono mbili, nguvu, kama mutu anashika kamba. Kama chanzo ya ile sauti yenye motuka inalia haipatikane mbele ya Jumamosi, motuka haitakuwa yake tena.

Papa Sadrack iko na miaka makumi sita na moja. Alizaliwa Yanonge, kule muto inashuka, ku familia ya wavuvi. Garaji yake haina ukuta: ni nguzo ine, bati juu, na udongo yenye imekuwa nyeusi sababu ya mafuta. Juma ikiwa nzuri, anapata karibu faranga elfu makumi sita. Juma ikiwa mbaya, anakula pondu ya jirani.

Sikio yake ya kuume ilikufa zamani. Ni nyundo na kelele ya groupe ya umeme ndizo ziliikula. Ya kushoto imebakia kidogo. Ndiyo sababu ya kijiti.

"Babu yangu alikuwa anapiga lokole, ngoma ya mti," anasema. "Lokole iko na sauti mbili tu: ya mume na ya muke. Mais na zile mbili anakuambia nani amezaa, nani amekufa, mashua ya nani inakuja. Alipozeeka, masikio ilifunga. Alors alikuwa anaweka fimbo chini, anauma ncha, anasikia lokole ya ngambo. Mi niliona ile kitu nikiwa mutoto. Sikujua kama itanisaidia siku moja."

Motuka ilikuwa ya Papa Constant, mume wa Mama Delphine. Miaka mingi alibeba nayo maiti za Kisangani: maskini, tajiri, watoto wadogo kwa sanduku fupi. Watu walimupenda sababu hakupiga honi na hakukimbia. Yeye mwenyewe alipokufa, wandugu yake walikataza mutu yeyote kugusa ile motuka. Kwao ni vile: kitu ya marehemu inakaa na huzuni pamoja na watu. Haifanye kazi, haitoke, haitingizwe.

Ilikaa miezi minane ku parcelle, kiwanja ya nyumba, pembeni ya ukuta. Mvua ilikuja, ikaenda, ikarudia. Halafu watoto wanne wa Mama Delphine walianza kulala na njaa, na yaya ya marehemu, kaka yake mukubwa Papa Pierre, akaitika motuka itoke ikatafute chakula.

Mama Delphine alikamata usukani mwenyewe. Papa Constant alimufundisha kutembeza wakati walikuwa wangali vijana.

Maiti ya kwanza ilikuwa mama muzee wa familia ya wachuruzi kutoka Kivu ya Kaskazini. Walipotoka ku kanisa kila kitu ilikuwa sawa. Walipofika ku njia ya makaburi, motuka ikaanza kulia: uuuu, ndefu, kama mutu yuko mbali. Watu wakasimama. Mutoto mukubwa wa marehemu, Mama Emérence, akakaribia sanduku.

"Mama, tumekukosea nini?" akauliza. "Sema. Tunakusikia."

Walingoja. Halafu wakashusha sanduku, wakaibeba ku mabega mpaka ku kaburi. Mama Delphine alirudia na motuka haina kitu, na haikulia tena.

Kutoka ile siku hakuna familia yenye ilimuita. Watu wa quartier walisema Papa Constant njo analia, sababu yeye mwenyewe alipelekwa ku kaburi na tricycle, pikipiki ya guruduma tatu, kama mzigo wa soko. Ni kweli: korbiyar yake ilikuwa imekatazwa kutoka.

Papa Pierre aliamua neno mbele ya familia yote.

"Shemeji, Jumamosi tunaondoa matanga. Hii motuka itatangulia mpaka ku kaburi, na picha ya ndugu yangu, na msalaba, na jiwe ya kaburi ndani. Ikinyamaza, baki nayo. Ikilia, basi ni mwenyewe anakataa. Tutaiuzisha ku vyuma vya kukatwa."

Hapo ndipo Mama Delphine alienda kwa Papa Sadrack.

Fundi wengine walikuwa wamesema ni kroni, guruduma ya meno ya katikati ya pon. Kwa ile motuka, kroni ni neno la kifo. Ni ya shaba, na mutu haipate tena mu Kisangani. Papa Sadrack hakubisha. Alizunguka na motuka, haina kitu ndani, kutoka Mangobo mpaka muji, akarudia. Haikulia hata kidogo.

"Si unaona?" jirani mumoja akamuambia. "Inalia na maiti tu. Achana nayo, papa. Iyo haiko kazi ya spana."

"Hapana," Papa Sadrack akajibu. "Inalia na uzito. Maiti ni uzito. Unilete uzito ingine tuone."

Mais uzito ilikosekana. Mwenye duka ya mahindi alikataa kukopesha magunia: chakula haipande mu korbiyar, nani atakula bukari, ile ugali yake? Vijana wa kona walikataa kukaa fasi ya maiti, hata na bière ya bure. "Papa Sadrack, siye tungali na mipango!" wakamuambia. Donc alinunua muchanga kwa wale wenye kuuchota ku muto Tshopo, akapakia mwenyewe. Na sababu mutu alihitajika kusikiliza kule nyuma, akaingia akalala.

Sasa motuka inafika ku njia nzuri, inakamata mbio, na sauti inakuja. Uuuu. Mama Delphine anaomba Maria ndani ya moyo. Papa Sadrack anagonga bati mara moja, vile walipatana: kanyaga moto, ongeza mbio. Anakanyaga. Sauti ni ile ile. Anagonga mara mbili: achia. Anaachia. Sauti ni ile ile.

"Kroni ingebadilisha," atamuelezea kisha. "Kroni iko na sauti mbili, ya kuvuta na ya kuachia. Hii iko na moja tu. Nikaanza kutumaini. Mais sikusema, sababu kutumaini kwa sauti kunaleta bahati mbaya."

Ku rond-point, motuka inakata kuume. Kijiti inatetemeka mpaka meno yote inagongana. Inarudia, inakata kushoto: karibu kimya. Papa Sadrack anafungua macho.

"Simama!" anapiga kelele. "Simama, mama, nitoke humu!"

Anashuka na muchanga ku nywele, anakaa ku kando ya barabara, anaonyesha guruduma ya kushoto.

"Ukikata kuume, uzito wote unaenda kukaa huku. Ni huyu. Rulma yake, ile ya goroli yenye guruduma inazungukia. Ni rulma tu, mama."

Ku garaji wanatoa guruduma, wanavuta arubre, chuma yenye kushika guruduma, wanapasua pete yenye inashika rulma. Papa Sadrack anaipangusa na mafuta ya taa, anaigeuza ku jua. Upande mumoja iko safi. Upande wa chini iko na kutu, na mashimo madogo yamepangana: kila goroli ilichimba kiti yake na kukaa mule.

"Motuka ilikuwa imesimama wapi?" anauliza.

"Pembeni ya ukuta," Mama Delphine anajibu. "Huku kushoto maji ya bati inamwangikia. Guruduma ilikuwa inalala mu maji, tonton. Niliona. Mais tulikatazwa kuigusa."

Papa Sadrack anapitisha kidole mu yale mashimo, moja moja.

"Watu walisema motuka inalia matanga," anasema mwishowe. "Hawakudanganya sana. Ni matanga njo iliikula."

Hakwenda kubishana na Papa Pierre. Alimuita tu, akamuwekea rulma ya zamani ku kiganja, akasema: "Zungusha." Papa Pierre akazungusha na kidole. Ilikuwa inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Alizungusha tena na tena, kama mutu anahesabu rozari.

"Tulifikiri tunamuheshimu," akasema.

"Mulimuheshimu, yaya. Chuma njo haijui heshima ya kusimama."

Papa Pierre alirudisha rulma. "Bon. Jumamosi tutasikia," akasema, akaenda.

Rulma mupya ilipatikana Lubunga. Papa Sadrack alivuka muto na pirogue, akaikuta kwa Dady, mwenye kutengeneza moulin za kusaga mihogo. "Rulma iko na namba, haina kabila," Papa Sadrack anapenda kusema. Kilichobakia ilikuwa pete. Inapikwa ku moto ya makala mpaka inabadilisha rangi, halafu inaangushwa ku fasi yake mara moja. Ikipoa katikati ya njia, haiende mbele, hairudie. Mama Delphine alishika arubre. Papa Sadrack aliangusha. Ilikaa.

Jumamosi, korbiyar ilitangulia na picha ya Papa Constant ku kioo, msalaba na jiwe ya siment kule nyuma, imeshuka chini sababu ya uzito. Familia ilifuata na miguu, inaimba. Kwa ile njia ya makaburi kuna kona ya kuume. Mbele ya kufika pale, wimbo ulikatika. Hakuna mwenye aliamuru. Kila mutu alitaka kusikia.

Watu walisikia kandambili zao ku changarawe. Mutoto alikohoa.

Papa Sadrack, mwenye alikuwa kati yao, hakusikia hata zile kandambili. Aliona tu midomo inafungwa, akaogopa kabisa. Alikimbia kidogo, akaweka mukono ku bati ya nyuma, akatafuta uso wa Mama Delphine ku kioo ya ndani. Machozi ilikuwa inashuka. Fundi alisimama barabarani.

Halafu mama alitoa mukono ku dirisha, akautingiza: hapana, hakuna kitu. Alikuwa analia yeye. Motuka hapana.

Ku kaburi, kisha sala, Papa Pierre aligonga bati ya korbiyar na kiganja, pole pole, vile mutu anagonga bega ya ndugu. "Shemeji," akasema, "baki nayo. Na isilale tena mu maji."

Leo familia zimeanza kuita tena. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Emérence, sababu baba mudogo wake alifariki. Siku maiti haiko, Mama Delphine anatembeza motuka kidogo, haina kitu, ili goroli zisikae fasi moja. Papa Sadrack amemuchongea kijiti yake mwenyewe. Daktari alimuambia sikio ya kushoto itafuata ya kuume, na fundi anataka mutu mwingine ajue kusikiliza mbele haijafunga.

"Meno yangu pia haiko mingi," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Iko na mpango mumoja. Kiangazi, wakati njia itakauka, anataka kwenda Yanonge kuona dada yake Adèle, na anataka kwenda na ile 404. Mama Delphine amekubali. Anamutania kwamba atamufungia kule nyuma na magunia yake.

"Hapana, mama," Papa Sadrack anamujibu, mikono ku mafuta. "Kule nyuma nilisha kulala. Sasa nataka nikae mbele kwanza."