Vigingi Vinne Nyuma ya Zizi

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini shamba hili la hapa Daa nililinunua kwa jasho langu, kwa hiyo nilijiona najua kusema na watu. Sikieni nilivyoaibika Jumapili.

Jirani yetu alipofariki, wanawe waligombana siku mbili wamzike wapi. Nikaogopa wangu wasije wakafanya hivyo. Lakini ukiwatajia watoto kifo wanakukimbia, nikaona niwachekeshe. Walipokuja kula, nikapigilia vigingi vinne nyuma ya zizi, nikajilaza katikati, nikawaita.

"Njooni mwone nyumba yangu mpya! Haivuji, wala haina kodi!"

Paskali, mkubwa wao, akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba, miguu imezidi! Tukukunje?"

Nikaona mambo yamekaa sawa. Nikamwita mke wangu. "Mama Paskali, njoo ulale hapa tukupime na wewe."

Hakusogea.

"Mnamwona? Kanisani hakosi, kumbe anaogopa kufa!"

Watoto wakacheka tena. Yeye akaja polepole, akang'oa kigingi kimoja, akang'oa cha pili.

"Inuka, Baba Paskali. Umemlalia mtoto."

"Mtoto gani?" Paskali akauliza.

"Dada yenu, aliyekutangulia wewe. Aliishi siku tisa." Kisha akanigeukia mimi. "Ulikuwa Mang'ola unavuna vitunguu. Uliporudi, nilingoja uniulize tumemzika wapi."

Sikuwahi kuuliza. Na watoto wote walikuwa wamesimama wananitazama, mimi bado nimelala chali.