Akinisalimia, Nitamwitikia

Wenzangu, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Nimesimama hapa kliniki kwa sababu wapo humu akina mama waliofunika watoto wao kanga usoni tangu asubuhi, na jua halijawaka. Najua mnachoficha. Na mimi nilificha.

Nilikuwa nauza mitumba mjini Singida, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akajiona mfanyabiashara. Mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda mbele ya nyumba. Mwanetu Idi alikulia juu ya marobota. Alipofika miezi kumi na moja alikuwa anasimama kwa kushika kamba ya robota, anawapigia wateja kelele. Mdomo aliurithi kwangu. Bibi yake, mama mkwe wangu, mwanamke wa Pwani tuliyeishi naye, alikuwa akimwita "mume wangu" na kumlisha uji kwa mkono wake.

Homa ilianza Jumatatu. Jumanne mchana macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa, povu likamtoka. Degedege. Nikamnyakua niende hospitali. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa anakufa. Mimi nimezika wawili hivyo hivyo."

Nikarudi ndani. Hakuna aliyenishika. Nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe. Tukamfukiza moshi wa mavi ya tembo, tukamfukiza tena kesho yake. Alhamisi haamki hata nikimfinya.

Hapo ndipo nikamkimbiza hospitali. Daktari alimfunua kope, akaniuliza, "Mlikuwa wapi?" Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Wakamtundikia dripu ya kwinini, wakampitisha mpira puani wa kumlishia. Siku ya kumi alifumbua macho, nikapiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Kumbe nilishangilia mapema. Macho yale hayakunitazama. Shingo ililegea kama ya kichanga. Mkono wa kushoto ulijikunja ngumi, kiganjani kunanuka jasho. Nikamwita Idi, Idi, hakugeuka.

"Malaria imekwisha," daktari alisema. "Mengine tutaona."

Tulichoona ni hiki. Uji ukimpalia kila siku. Mate yakimchoma shingo mpaka ngozi ikatoka. Choo siku tano hakuna. Nilimlaza chumba cha ndani, nikashusha pazia. Wageni walikuja, wakaniambia pole, wakanywa chai, wakaondoka. Mume wangu akawa anafuata mzigo Arusha, na kila safari inakuwa ndefu kuliko ya kwanza. Mama mkwe hakukanyaga tena chumba kile. Na mimi, Mungu anisamehe, niliomba dua mwanangu afe. Niliomba kwa sauti, nimekaa karibu naye, nikijua hasikii.

Siku moja muuguzi mmoja, Sista Elieth, Mnyiramba wa Kinampanda, alikuja kuchagua mashuka. Akamsikia Idi akipaliwa. Akaingia ndani bila hodi.

"Huyu nani?"

"Mgonjwa."

"Sijauliza anaumwa nini. Ana jina?"

Nikamtajia. Akapiga magoti. "Idi, hujambo?" Halafu akanyamaza. Akangoja. Mie nimesimama na kijiko mkononi, uji unapoa, yeye anangoja tu. Nikaanza kukasirika. Mwisho kidole gumba cha mguu kikacheza.

"Amejibu," alisema. "Polepole, lakini amejibu. Tangu atoke hospitali, nani amemsalimia?"

Jamani! Nyumba ile ilikuwa haipitwi bila salamu, hata mwehu wa sokoni alisalimiwa. Mwanangu hakusalimiwa na mtu. Hata mimi mama yake sikumsalimia.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi. Alinionyesha kumlisha amekaa, kidevu chini, asipaliwe. Tukakunja suruali za jinzi za kibandani tukafanya mto wa duara, tukamlaza kifudifudi juu yake ainue kichwa. Alilia mpaka akatapika. Ngumi tuliifungua kwa mbegu za alizeti na mtama, namsugulia kiganjani, nampa na kitunguu anuse. Uani nikachimba shimo la kumfika kiunoni, nikamsimamisha humo, mchanga umemshika pande zote, kuku wakimdonolea mtama mbele yake. Na kila mteja, kabla hajagusa nguo, amsalimie Idi na angoje.

"Hili duka au msiba?" wengine walinicheka. Wengine hawakurudi. Mume wangu akasema namtesa mtoto. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa tatu hakuna kitu. Wa tano macho yakamfuata jogoo, kisha yakarudi kulekule. Nilikaa chini pale uani nikalia, nikataka kulifukia lile shimo.

Sista akamwambia mama mkwe, "Shikamoo bibi. Msalimie na wewe mjukuu wako."

"Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo?" Mama mkwe hakutazama upande wa shimo. "Akinisalimia, nitamwitikia."

Maneno yale yaliniuma kuliko degedege. Basi kila akipita na ndoo yake, mimi namsemea Idi: "Shikamoo bibi." Naye ananijibu, "Hiyo sauti yako, si yake," huyoo anapita. Hivyo hivyo, kila siku, mpaka mvua zikaja, zikaisha, na Idi akatimiza miaka miwili na nusu.

Asubuhi moja nachambua nguo, mama mkwe anapita na maji. Mie nimechoka, sikusema kitu. Nikasikia kutoka shimoni:

"...kamoo."

Ndoo ilianguka. Mama mkwe alisimama maji yakimlowesha miguu. Idi amemkazia macho, mate yanamtoka, anangoja. Ndivyo tulivyomfundisha, ukishasalimia unangoja. Yule mama akapiga magoti kwenye tope, akamshika ile ngumi.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mume wangu. Nisamehe. Mimi ndiye niliyefunga mlango."

Alhamdulillahi. Idi anatembea, mguu wa kushoto anauburuta. Maneno yake machache, na shule haikumkubali upesi. Sista Elieth nitamwombea mpaka nife. Nanyi, degedege likimpata mtoto, kimbilieni hospitali, mlango ukizibwa pitieni dirishani. Na huyo uliyemfunika, mfunue. Muulize hajambo, halafu nyamaza umngoje.

Haya, mama wa kanga ya njano, mwanao anaitwa nani? Mgeuze huku nimsalimie.